Tulivyokwenda Kutafuta Vibao vya Muiruri

Tangu turudi mmekuwa mkiniuliza tulikuwa wapi na Mama, na kwa nini mwanamke aliyemzika mume juzi ameonekana Karatina amekaa juu ya begi akila ndizi. Aliyeniona alisema kweli, nilikuwa nakula ndizi. Kila mara nimewajibu kwa kifupi kwa sababu mdomo wangu huchoka haraka siku hizi. Hapa nimeandika yote, msome kwa nafasi yenu.

Ruiru

Muiruri mlimjua. Alikuwa mchoraji wa vibao, na kwa muda mrefu ukitembea Ruiru ulikuwa unasoma mkono wake: bucha, kinyozi, duka la mbolea, chekechea yenye twiga ukutani. Jioni alikuwa akirudi na harufu ya tapentaini, namwekea maji ya kuoga na rangi haitoki kwenye kucha. Nilikuwa nikilalamika juu ya taulo. Leo ningependa kuona taulo moja iliyochafuka.

Tulipomaliza matanga, Mama alikuja kutoka Mwihoko. Ni mama yake Muiruri, si wangu, lakini kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, na wangu anaitwa Nyokabi kama yeye. Kwa hivyo Mama hunitania kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Akitaka chai husema, "Mama, mtoto wako ana njaa," na mimi humwita Mama vilevile, basi tunaitana hivyo na wageni hawaelewi nani mkubwa.

Siku hiyo hakutania. Alisema nimtembeze nimwonyeshe kazi za mtoto wake. Mama hakwenda shule. Miaka yote alijua kwamba Muiruri huandika kwenye kuta, lakini hakuwahi kuuliza ni kuta zipi.

Tulianzia kwenye bucha. Ilikuwa imeuzwa, na ukuta wote umepakwa rangi nyekundu ya tangazo la soda. Kinyozi alikuwa amehama na kibao chake. Chekechea, mvua za El Nino ziliangusha ule upande wa twiga, na ukuta mpya haukuwa na kitu. Duka la mbolea sasa linauza viatu. Nilikuwa nimesimama pale nikionyesha kwa kidole mahali ambapo palikuwa na neno, na Mama anatazama kidole changu.

Akasema, "Kwa hivyo amefutwa."

Usiku ule nilikumbuka kazi zake za mbugani. Kabla hajaugua kifua, Muiruri alipata kazi ya kuandika vibao vya mbuga za wanyama, akawa anachukuliwa na lori anakaa huko mpaka amalize. Alifanya Kilimambogo, kisha Aberdare. Nikafikiri, huko hakuna mwenye nyumba wa kupaka rangi upya. Asubuhi nikamwambia Mama kwamba kuna mahali twaweza kumwona. Alikunja leso akaanza kufunga viatu kabla sijamaliza.

Kuna kitu sikumwambia. Rafiki ya Muiruri, Salimu, dereva wa lori wa pale Majengo, Thika, ndiye aliyekuwa akimpeleka. Kwenye matanga aliniambia polepole kwamba kibao cha Aberdare kina kosa, na wageni hukipiga picha wakicheka. Mama hakuniuliza, nami sikuanzisha maneno hayo. Lakini nilijua akiniuliza nitasema kweli, maana sijui kudanganya na nikijaribu ninaonekana.

Kilimambogo

Tulikwenda kwanza kwenye mbuga ya karibu. Kutoka Thika unapita mashamba ya nanasi mpaka macho yanachoka na mistari, kisha mlima unasimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Mama anauita jina la zamani, Kia Njahi.

Maporomoko ya Fourteen Falls yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tulikaa kidogo tukalowa nyuso. Mama mmoja Mkamba, mkulima wa upande huo, alikuwa akiuza muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa maganda na kupikwa na maharagwe. Alitupakulia kwenye sahani moja akasema mkila sahani moja hamtagombana njiani. Tukamwambia hatugombani. Akasema mama mkwe na mke wa mtoto hawawezi kukosa kugombana, labda mnafichana. Mama alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba, na nilitaka kumnunulia yule mama sahani zake zote.

Langoni tulipata askari wa wanyama, kijana kutoka upande wa ziwa, mpole. Mama alimweleza kwamba tumekuja Kia Njahi. Huyo kijana alikuwa amekaa huku vya kutosha kujua kwamba njahi ni yale maharagwe meusi wanayopikiwa wanawake waliojifungua. Akatuambia kwa heshima kwamba mlimani hakulimwi njahi, na kama yangekuwapo, kuvuna kitu chochote mbugani ni marufuku. Mama akamwambia hakuja kuvuna. Akasema basi vizuri, lakini hata kuni hapana. Ilichukua muda kumfanya aelewe kwamba tunatafuta kibao.

Alitusindikiza kwa miguu kwa sababu ya nyati. Njia yote ilikuwa na mavi yao, makubwa, yamekauka vizuri, na Mama alikuwa akisimama kwenye kila fungu.

"Mbolea yote hii," aliniambia kwa sauti ya chini, "na hakuna mtu anaiokota."

Askari akasikia. Akasema, "Shosho, hata hiyo hapana."

Tulipofika kwenye kona aliyosema, palikuwa na kibao cha chuma, kipya, na kando yake vigingi viwili vya mti vilivyokatwa karibu na ardhi. Askari alisema cha mbao kiliingiwa na mchwa kikatolewa. Alikikumbuka. Alisema kilikuwa na mchoro wa nyati mwenye uso kama wa mzee wa kanisa. Mama aliinama akashika kigingi kimoja, akasugua kidole juu yake akitafuta rangi. Hakukuwa na rangi.

Tulipanda zaidi kwa sababu tulikuwa tumefika. Juu kulikuwa na upepo na ukungu, ukafunguka kidogo, nikaona moshi wa viwanda vya Thika na mabati ya mbali ambayo nilijiambia ni Ruiru. Muiruri aliwahi kuniambia kwamba akila chakula cha mchana huko juu hutafuta nyumba yetu kwa macho. Nilikuwa nimemwambia aache uongo. Nikaitafuta mimi pia. Haionekani, lakini nilielewa kwa nini mtu angesema inaonekana.

Tukiteremka Mama aliuliza, "Kile kingine pia ni cha mbao?"

Nikasema ndiyo, cha mbao.



Kiganjo

Salimu alikuwa na kazi ya kupeleka murram, ule udongo wa changarawe wa kutengeneza barabara, kwenye mbuga ya Aberdare, ambako mvua zilikuwa zimezivunja. Nilimtumia ujumbe kupitia duka la shemeji yake, nikapata jibu kwamba atatuchukua, tukutane asubuhi Kiganjo, kwenye stendi.

Sisi tukaenda Kiganjo. Hii yetu ya hapa Thika, mtu angefikiria gani nyingine? Tulifika mapema tukakaa kwenye benchi la kibanda kimoja, Mama amejifunga shuka mbili kwa sababu ya baridi ya Aberdare, na jua likapanda tukiwa bado pale. Kila lori lililopita Mama alisimama. Lilipita la mawe, la mkate, la kinyesi cha kuku. Mama wa kibanda alituuzia chai na mandazi, kisha chai nyingine, kisha akauliza kama tumefukuzwa nyumba. Nilipomweleza alisema hajawahi kuona lori la murram likianzia safari hapa, labda tumedanganywa na mwanamume, na kama ni hivyo yeye hatatushangaa.

Mama alimtetea. "Sarimu hawezi. Amekula kwangu."

Anamwita Sarimu. Sisi wa huku la na ra hutuchanganya mdomoni, na Mama zaidi ya wote. Kwake la haipo. Sitaandika kila neno lake hivyo, mtachoka.

Mchana tulikata tamaa tukaenda kwa Salimu, Majengo. Mkewe alitukuta mlangoni na zile shuka, akasikiliza maneno yote mpaka mwisho, kisha akakaa chini kwenye ngazi akicheka na machozi.

"Kiganjo ya Nyeri, dada yangu," alisema. "Yuko huko tangu jana. Maskini, atakuwa amesimama kwenye stendi kama bibi harusi aliyeachwa."

Hakuturuhusu kuondoka bila kula. Alituwekea chapati na maharagwe yaliyopikwa kwa nazi, jinsi mama yake alivyokuwa akiyapika. Mama alionja, akatazama ndani ya bakuli, akauliza ni maziwa ya ng'ombe gani. Akaambiwa ni ya nazi. Akafikiri, akauliza nazi inakamwa wapi. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Alikula yote na akaomba aongezewe.

Kiganjo ile nyingine

Basi la Nyeri lilikuwa la zamani na lilikwenda kwa roho yake. Baada ya Sagana mkanda wa injini ulikatika. Dereva alifunga kitu nisichokiona, tukajivuta mpaka Karatina, akaenda kutafuta mkanda, na hapo ndipo mtu wenu aliponiona nikila ndizi. Mama aliingia sokoni akachelewa. Alirudi na nduma, yaani magimbi, zilizochemshwa, zimefungwa kwenye majani, akasema Muiruri alikuwa akimletea nduma za hapa kila akitoka Aberdare na kwamba za Ruiru zina maji.

Sikujua hilo. Mimi alikuwa akiniletea karoti. Tulikaa tukashangaa, kila mmoja na zawadi yake, na Mama akasema alikuwa mjanja huyo, alijua kila mtu ampe nini asimwonee wivu mwenzake. Basi tukamwongelea kwa muda, na watu waliokuwa wakingoja basi walifikiri tunamwongelea mtu aliye hai nyumbani.

Tulifika Kiganjo jua likizama. Salimu alikuwa pale, amekaa kwenye mlango wa lori na kofia yake, amechoka. Alisimama akamwamkia Mama kwa mikono miwili kabla ya kuniuliza tulikuwa wapi. Nikamwambia tulikuwa Kiganjo.

"Kiganjo ni hii," alisema.

"Kiganjo ni ile," alisema Mama. "Hii ni ya watu wengine."

Hatukuelewana na hatujaelewana mpaka leo. Alitupeleka kwa mama anayempangisha chumba, tukalala chini ya mablanketi mazito kama milango.

Msituni

Asubuhi tulipita Mweiga ukungu ukiwa bado chini. Mama alikaa katikati yetu mbele ya lori. Langoni walimjua Salimu, na mmoja wa askari, mtu wa makamo, alipanda nyuma juu ya murram ili ashuke nasi huko mbele. Barabara ilikuwa imekatwakatwa na maji. Mahali pamoja tulizama mpaka ekseli, tukangoja tingatinga, na tulipovutwa tukaenda kidogo tu kabla ya kusimama tena, kwa kuwa ndovu walikuwa barabarani, mama na mtoto, wakivunja mianzi bila haraka yoyote. Salimu alizima injini. Yule mdogo alikuwa akijaribu kuvunja kama mama yake asiweze. Mama aliwatazama mpaka wakaingia msituni, akasema, "Anamfundisha."

Nilianza kuogopa tulipokaribia. Niliogopa kibao kisiwepo. Kisha niliogopa kiwepo.

Kilikuwepo. Kilisimama mahali wazi penye meza za mawe ambapo wageni hula, ubao mnene wa kijani na herufi za njano, na ingawa mvua ilikuwa imekula pembe, niliujua mkono wake nikiwa bado kwenye lori. Herufi ya S aliipinda mwishoni kama mkia wa paka. Juu palikuwa na Kizungu, na Salimu alinieleza kwamba Kizungu walimpa kwenye karatasi akanakili, lakini Kiswahili msimamizi alikitaja kwa mdomo tu akaondoka, na Muiruri akaandika alivyosikia. Chini kulikuwa na nyani mmoja amekaa, amechorwa vizuri, na maneno: USIRISHE NYANI.

Mama alisimama mbele yake. Aliweka kiganja juu ya ubao. Nikarudi nyuma kidogo nikajifanya ninafunga kiatu.

Wakati huo basi la shule lilikuwa limefika kwa barabara ya lango jingine. Watoto walishuka na mwalimu wao, mwanamume mchangamfu, akawapanga mbele ya kibao bila kujua sisi ni nani. Akasoma kwa sauti, akiivuta ile ra kwa makusudi, akauliza nani atamwonyesha kosa. Mikono yote ikapanda. Walicheka kama watoto wanavyocheka wakipewa ruhusa. Sikumchukia. Hakujua, na kwa mtu anayefundisha Kiswahili kosa lilikuwa pale, kubwa, la njano. Waliwekwa kwenye mstari wakaenda kuona maporomoko.

Mama hakuwa ametoa mkono kwenye ubao.

"Wanachekea nini?"

Salimu alinitazama. Alikuwa tayari kusema kitu, nadhani kitu kizuri kuhusu ule mchoro wa nyani. Mimi nikasema kweli.

"Kuna herufi moja si yake, Mama. Ilitakiwa la, yeye ameandika ra."

"Soma alivyoandika."

"Usirishe nyani."

"Na ilitakiwa iwe aje?"

"Usilishe nyani."

Alisikiliza kama mtu anayesikiliza saa kama inatembea. "Usirishe," alisema.

"Usilishe."

"Ndivyo nimesema. Usirishe."

Tulirudia tena na tena. Hakuisikia tofauti. Salimu aliondoka akaenda kukagua magurudumu ambayo hayakuwa na shida. Mwishowe Mama aliacha kujaribu, akapitisha kidole juu ya yale maneno kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, ingawa hakujua ipi ni ipi, akaniambia nimwekee kidole juu ya ile wanayoicheka. Nikaushika mkono wake nikauweka.

"Hii ni yangu," alisema. "Mimi ndiye nilimfundisha kuongea."

Nililia hapo. Sikuwa nimelia vizuri tangu hospitali, mnanijua.

Yule askari wa makamo alikuwa amesikia yote. Alikuja akavua kofia, akasema barabara zikiisha kutengenezwa vibao vyote vya mbao vitatolewa viletwe vya chuma, haijulikani ni lini, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kukihifadhi hiki na kumpa Salimu atuletee Ruiru. Nilimshukuru. Moyoni nilikuwa tayari nimechagua ukuta.

Mama alikataa.

"Ruiru hakuna nyani," alimwambia. "Kitamkataza nani?"

Askari alisema lakini hapa kitaondolewa siku moja. Mama akasema siku hiyo haijafika, na mpaka ifike kiachwe na kazi yake. Akaongeza kwamba waliokuja leo wamekisoma wote, hakuna mtoto hata mmoja ambaye hakukisoma. Askari akafikiri, akarudisha kofia kichwani.

Tulikaa kwenye meza ya mawe tukafungua nduma za Karatina na chai ya chupa. Jua lilitoka kidogo. Nyani walitoka nalo, kwanza majike na watoto, kisha dume kubwa lililokuja likakaa karibu nasi likitazama pembeni, kama mtu anayejua kwamba atakaribishwa. Salimu alicheka. Alimega kipande cha nduma, akainua mkono alirushie.

Mama alimshika mkono.

"Sarimu, acha. Muiruri amesema tusiwarishe."

Salimu alirudisha kipande kwenye jani. Tangu msiba nilikuwa nimemsikia Mama akisema Muiruri alikuwa, Muiruri alipenda, Muiruri angekuwa; leo Muiruri amesema. Mama akafunga majani yale kwa kamba yake, akainama chini ya meza, na kwa magoti yake mabovu akaanza kuokota makombo yetu, moja moja, akiyatia kwenye leso. Nikainama nikamsaidia. Nyani alingoja, akatazama mikono yetu mitupu, akainuka akaenda zake.